Gari Lisilolala Kwenye Kona

Haya ni maneno tuliyoyatoa sisi wa kitengo cha usalama barabarani mbele ya wananchi, mafundi na madereva, katika kikao cha polisi na jamii kilichofanyika Mutukula. Tumeyachapa hapa kwa ombi la mafundi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji vya pande zote mbili za mpaka, wazee wetu, ndugu mafundi wa gereji, madereva wa magari ya abiria, akina mama wa sokoni, nanyi vijana ambao Subaru zenu tulizisikia kabla hatujaziona: tunawashukuru kwa kuziacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi.

Katika kikao kilichopita tuliahidi kwamba safari hii hatutazungumzia magendo wala vibali vya kuvuka mpaka. Tutazungumzia chuma kimoja kilicho chini ya gari. Huenda wengine mnajiuliza polisi wana haja gani na chuma hicho. Haja tunayo, na tutaieleza kwa kuanza na kosa ambalo nusura tulifanye sisi wenyewe.

Msimu wa mvua uliopita, kwenye kona moja ya mteremko katika barabara itokayo Kyotera kuja hapa, Subaru Impreza ya kijana mmoja wa eneo letu iligeuka, ikatangulia kwa mkia, ikatoka nje ya lami na kukibomoa kibanda cha mama auzaye mahindi ya kuchoma. Mama alivunjika nyonga. Yu hai, leo amekuja kikaoni kwa magongo, na ameturuhusu tulisimulie jambo hili bila kumtaja jina. Kijana naye yupo. Ameketi nyuma huko, nasi hatutamnyoshea kidole.

Watu waliofika kwanza pale walikuwa na neno moja: mwendo kasi. Nasi tulipofungua daftari, kalamu ilikuwa tayari kuliandika neno hilo. Ni neno linalotoka upesi katika kalamu ya polisi wa barabarani, kwa sababu mara nyingi ni la kweli. Lakini kijana alishikilia kwamba alikuwa nyuma ya lori, akienda mwendo wa lori. Dereva wa lori alipopatikana siku ya pili, ng'ambo ya mpaka, alieleza vivyo hivyo: alikanyaga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi, akatazama kioo, akaiona Impreza ikizunguka nyuma yake. Ndipo tukamwomba mkaguzi wa magari alale chini ya gari lile.

Alikuta mambo matatu. Stabilaiza ya nyuma ilikuwa mpya, nene kuliko ile ya kiwandani, imepakwa rangi nyekundu. Ya mbele ilikuwa ya kiwandani, na bushi zake zimelika hadi zikaacha nafasi ya kupitisha kidole. Tairi za mbele zilikuwa mpya. Za nyuma zilikuwa vipara. Kijana alikuwa ametumia akiba yake ya miezi kadhaa ili gari lake lishike barabara vizuri zaidi. Kila alichokifanya alikifanya kwa nia ya usalama, na kila alichokifanya kilikuwa kimeuandaa mkia wa gari lile uchomoke siku ya mvua. Lau tungeandika mwendo kasi, faili lingefungwa, na gari la pili la namna hiyo lingeendelea kupita mbele ya vibanda vyenu.

Sasa tukieleze chuma chenyewe.

Stabilaiza, kama mafundi wetu wanavyoiita, ni nondo ya chuma cha springi iliyopindwa mfano wa herufi U pana, ikalazwa kutoka ubavu mmoja wa gari hadi ubavu wa pili. Katikati hushikwa na bushi mbili za mpira chini ya bodi; ncha zake hufungwa kwa linki kwenye sehemu zinazobeba magurudumu. Magari mengi yana moja mbele, na mengine yana ya pili nyuma.

Mmepata kuona watu wawili wakikamua blanketi lililofuliwa. Kila mmoja hushika ncha yake, huyu akazungusha huku na yule akazungusha kule, nalo blanketi likasokotwa. Wakizungusha wote upande mmoja, halikamuki. Linazunguka tu mikononi mwao. Stabilaiza ni hivyo hivyo. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo huzunguka ndani ya bushi zake wala haina kazi yoyote. Gurudumu moja likipanda na jingine likabaki chini, nondo husokotwa, na kwa kuwa ni springi hupigana irudi ilivyokuwa. Katika kona bodi hulala upande wa nje: springi za nje hubonyea, za ndani hunyooka, na nondo iliyosokotwa huizuia bodi isilale kupita kiasi. Kazi yake ni hiyo tu, na ni kazi kubwa.

Mapenzi ya vijana kwa magari yasiyolala kwenye kona hayakuanza jana. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita katika nchi zetu tatu, yaani Kenya, Uganda na Tanganyika, na wapo wazee waliosimama kando ya njia wakala vumbi kwa furaha. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari akiendesha Subaru Impreza, na mpaka leo picha ya gari lile la buluu imebandikwa katika kuta za gereji nyingi. Uganda nayo ina mbio zake za Pearl of Africa. Hatuna ugomvi na mapenzi hayo. Ila wanaoziandaa gari za mashindano watawaambieni kwamba gari likipelekwa kwenye njia za udongo na mawe, stabilaiza zake hulegezwa, na likipelekwa kwenye lami hukazwa. Picha ya ukutani haielezi hayo.

Barabara zetu mnazijua. Lami ya Masaka ikifika hapa inavuka mpaka na kuendelea kwenda Kyaka na Bukoba, lakini ukiiacha lami upande wowote, baada ya mita mia moja uko kwenye udongo mwekundu, makorongo na mashimo. Nondo nene katika njia kama hiyo huyafunga magurudumu mawili kana kwamba ni ekseli moja. Shimo linalomezwa na gurudumu la kushoto linatikisa la kulia pia. Pahali pabaya zaidi gurudumu moja huinuka likaacha ardhi, na gurudumu lililo hewani halivuti wala halifungi breki. Kijana anayeishi kilomita kumi ndani ya shamba la ndizi na kufunga stabilaiza ya gari la lami amejinunulia mateso, na bushi zake hazitamaliza mwaka.

Halafu kuna hesabu. Tumeona katika maduka ya vipuri, na vipuri vyetu hapa hutoka kwingi, Kisekka ya Kampala, Gerezani ya Dar es Salaam, hata barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, mnunuzi akizipima nondo mbili kwa macho na kuchagua iliyonona. Ugumu wa nondo dhidi ya kusokotwa haukui sambamba na unene wake. Chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe, uzidishe tena na tena, mpaka kipenyo kimetokea mara nne katika hesabu. Ugumu hukua kwa kadiri hiyo. Nondo ya milimita 20 ikibadilishwa kwa ya milimita 22, yenye umbo na chuma kile kile, jicho halioni tofauti, lakini ugumu umeongezeka kwa takribani asilimia 46. Ikibadilishwa kwa ya milimita 24, ugumu umezidi maradufu. Mtu anadhani ameongeza kidogo, kumbe ameongeza nondo ya pili nzima.

Na jicho hudanganywa kwa njia nyingine. Zipo nondo zilizo tupu ndani, kama bomba. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 22 na tundu la milimita 16 ndani lina ugumu unaopita kwa asilimia tano hivi tu ule wa nondo nzima ya milimita 20. Ni chuma kizuri, chepesi, wala hatukidharau. Lakini aliyelipia bomba hilo akidhani amenunua ugumu wa milimita 22 amelipia hewa, na aliyefungiwa nondo nzima akidhani ni bomba amepata gari asilolitarajia. Ulizeni kipenyo, ulizeni kama ni tupu, pimeni kwa kalipa. Fundi asiye na kalipa aazime.

Nondo nyingine zina matundu mawili au matatu kwenye kila ncha. Linki ikifungwa kwenye tundu lililo karibu na mkunjo, mkono unakuwa mfupi na nondo inakuwa ngumu zaidi. Ikifungwa kwenye tundu la mwisho kabisa, nondo inalegea. Gari la kijana wetu lilifungwa kwenye tundu gumu kuliko yote. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba hakujua kuna kuchagua.

Tufike sasa kwenye jambo lililomvunja mama nyonga.

Gari likipiga kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Kiasi kinachohama kwa jumla hutokana na mwendo, ukali wa kona, kimo cha uzito wa gari kutoka ardhini, na upana kati ya magurudumu yake. Stabilaiza haikipunguzi kwa kadiri ya kuhesabika. Inachokifanya ni kuamua ekseli ipi, ya mbele au ya nyuma, itabeba sehemu kubwa ya kuhama huko. Na tairi lina tabia yake: ukiliongezea mzigo, mshiko wake huongezeka, lakini pungufu ya mzigo ulioongezwa. Kwa hiyo jozi ya tairi ambamo moja limelemewa na jingine limeachwa jepesi hushika kidogo kuliko jozi iliyogawana mzigo sawa. Ekseli iliyofungwa nondo nene ndiyo inayolemewa namna hiyo, nayo ndiyo inayoachia mapema.

Impreza, kama magari mengi yenye injini mbele, hutoka kiwandani ikiwa imepangwa hivi: ikizidiwa kwenye kona, pua ndiyo itangulie kuteleza kwenda nje. Dereva anaona gari linakataa kona. Anashtuka, anaondoa mguu kwenye mafuta, uzito unasogea mbele, tairi za mbele zinapata mshiko, gari linarudi njiani. Walioliunda walijua kwamba mtu aliyeshtuka hufanya hivyo, wakampangia gari linalomsamehe. Vijana hawaupendi ukaidi ule wa pua, na ni kweli kwamba nondo nene ya nyuma huutibu. Hatusemi kwamba fundi alimdanganya mteja wake. Mshiko wa nyuma ukipunguzwa, pua huonekana imepata utii. Gari linaingia kona kwa wepesi ambao, tukiri, hata sisi tulioliendesha gari la namna hiyo kwa ukaguzi tulitabasamu.

Lakini ule msamaha umeondoka. Sasa dereva aliyeshtuka akiondoa mguu katikati ya kona, uzito unasogea mbele kama zamani, tairi za nyuma zinaachwa nyepesi, na kwa kuwa zimekwisha kunyimwa sehemu ya mshiko wao, mkia unachomoka. Ongeza mvua. Ongeza tairi vipara nyuma. Ongeza lori linalokanyaga breki kwa ajili ya mbuzi. Kijana alifanya lile ambalo kila mmoja wetu hapa angelifanya, akaondoa mguu.

Lipo jambo la pili ambalo tunaliona kuwa zito zaidi, ingawa mafundi wachache hututazama kwa shaka tunapolisema. Kulala kwa gari kwenye kona ni lugha. Abiria wanaegemeana, chupa ya maji inabingirika, mwili wako unahisi kwamba umekaribia mpaka. Mama mmoja mzee akikaa kiti cha mbele atakwambia mwanangu punguza, wala hajui hesabu yoyote. Ukifunga nondo nene, bodi inatulia. Uzito unahama vile vile, tairi zinalemewa vile vile, ila gari limenyamaza. Dereva anapita kona ile kwa mwendo wa juu kidogo kuliko jana, kesho kidogo zaidi, bila nia mbaya, kwa sababu hakuna kinachomwambia. Siku gari linaposema, husema mara moja, nalo halirudii.

Kuna walioomba, wazee hasa, kwamba tupige marufuku stabilaiza hizi. Hatutafanya hivyo, na tunaomba mtusikilize sababu. Nondo iliyochaguliwa vizuri, kwenye gari lenye tairi nzuri, linaloendeshwa na mtu aliyejifunza tabia yake mpya, ni chombo halali, na kwa gari refu linaloyumba katika upepo wa malori inaweza kuwa rehema. Tunaloogopa sisi ni chuma kilichofungwa juu ya uchakavu.

Kwa hiyo mnaotaka kufanya kazi hii, anzeni na tairi, tena zote nne. Mkipata fedha ya tairi mbili tu, mpya zifungwe nyuma, ijapokuwa desturi yetu ni kuzipeleka mbele kwa sababu usukani uko mbele. Pua ikiteleza una nafasi ya kujisahihisha; mkia ukiteleza huna. Kisha tazameni bushi na linki za stabilaiza mliyo nayo. Mara nyingi gari linalolala ovyo halihitaji nondo nene; linahitaji linki mbili mpya na bushi mbili mpya, na mwenye gari huondoka gerejini akidhani amebadilishiwa gari. Kisha shokapu. Shokapu iliyokufa haifufuliwi na nondo. Hayo yote yakiwa sawa na bado hamjaridhika, ndipo mtafute nondo, nasi tungewashauri mpande hatua moja ya unene, msipande tatu. Ikiwa ina matundu, mwanze na lile la kulegea. Mjifunze gari mahali pasipo watu, kavu kwanza na baadaye penye maji, kwa mwendo wa pole. Barabara inayopita mbele ya shule si mahali pa kujifunzia.

Mafundi, mnatuzidi ujuzi, lakini mkaguzi wetu ameomba tuwakumbushe machache. Vishikio vya nondo ya nyuma katika baadhi ya Impreza za zamani vilitengenezwa kwa nondo nyembamba. Nondo nene imevipinda, hata kuvipasua. Vikagueni kabla, na mkiweza mfunge vilivyoimarishwa. Linki za plastiki zilizokuja na baadhi ya magari hayo nazo zilikusudiwa kazi nyepesi. Kazeni linki za mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, au pande zote mbili zikiwa zimeinuliwa sawasawa. Mkikaza upande mmoja ukining'inia, nondo itakaa imesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa, na litapiga kona ya kushoto tofauti na ya kulia. Zungusheni usukani mpaka mwisho, huku na huku, mhakikishe nondo haigusi bomba la moshi wala shafti. Bushi za poliuretani zinahitaji grisi yake ya silikoni, la sivyo zitalia kama mlango wa zizi. Grisi ya kawaida ya mafuta huiharibu bushi ya mpira. Mteja arudi baada ya siku chache nati zikazwe upya. Na tafadhali, asilale mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala na mawe yaliyopangwa. Stendi mbili za chuma ni bei ya chakula cha siku chache.

Tusiwasahau wenye Noah, Wish na Probox, maana hao ni wengi kuliko wenye Subaru na ndio wanaotubeba sote. Kwenu shida ni ya upande mwingine. Linki ikikatika, gari hugonga ko-ko-ko kwenye kila shimo, abiria wanalalamika, na fundi wa njiani anatoa dawa ya haraka: anaing'oa stabilaiza nzima na kuitupa nyuma ya kiti. Kelele zimekwisha, na dereva anashukuru. Gari refu, lenye watu kumi na mikungu ya matoke juu ya paa, sasa halina kinachoizuia bodi isilale. Likilazimika kumkwepa ng'ombe kwa ghafla, litalala, na safari nyingine halitainuka. Kati ya kijana aliyefunga nondo nene kupita kiasi na dereva wa abiria aliyeitupa yake, yule wa pili ndiye anayetunyima usingizi zaidi. Linki mbili ni fedha ndogo mbele ya maisha ya watu kumi.

Nasi tusijifanye watakatifu. Pikapu yetu ya doria ilizunguka mwezi mzima ikiwa na linki ya mbele iliyokatika, imefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani. Tulikuwa tumeomba kipuri, na karatasi zilikuwa njiani, kama karatasi zilivyo. Siku moja tulilisimamisha gari la mzee mmoja wa Kyotera tukamwuliza kuhusu taa yake iliyokufa. Akatujibu kwa adabu zote kwamba taa ataibadilisha, ila angependa kujua ni kitu gani kilichokuwa kikigonga chini ya gari letu tulipokuwa tukija. Tulimwachia aende. Linki ilifungwa kesho yake, kwa fedha tulizochangishana wenyewe.

Tangu ajali ile tumebadilisha mambo mawili katika kazi yetu. Katika taarifa ya ajali ya gari moja kuacha njia, hatuandiki mwendo kasi kabla mkaguzi hajalala chini ya gari hilo. Na katika vizuizi vyetu hatumkamati mtu kwa rangi ya chuma chake. Sheria inatupa mamlaka juu ya gari lililo katika hali ya kimitambo ya hatari, nasi tumekubaliana kuangalia hali hiyo ilipo hasa: kashata za tairi, nati zilizolegea, bushi zilizokwisha, vishikio vilivyopasuka. Askari wetu akikuambia stabilaiza yako ni kosa kwa kuwa ni nyekundu, uliza jina lake, njoo kituoni. Mwenye gari naye aliyefunga nondo nene azungumze na wakala wake wa bima kabla ya ajali. Mazungumzo ya baada ya ajali ni magumu. Muulizeni kijana wetu.

Jumamosi ijayo, kuanzia saa mbili asubuhi, mkaguzi wa magari atakuwa hapa hapa na stendi zake, na gari lolote litatazamwa chini bila malipo. Siku hiyo hakuna atakayeandikiwa faini kwa ubovu utakaoonekana. Atapewa karatasi yenye orodha ya vya kurekebisha, na muda wa kuvirekebisha. Ndugu wa ng'ambo ya mpaka mnakaribishwa, ila mje na hati zenu za gari kama kawaida. Mafundi njooni hata bila gari. Anayetaka kuona kwa macho yake aje na boksi la kulalia, maana mvua haijaacha na hapa pana matope.

Impreza nayo itakuwapo, ikiwa imerudishiwa nondo yake ya zamani, bushi mpya na tairi nne. Kijana amekuwa akimjengea mama kibanda kingine, na amebakiza mabati. Mama ameomba tuwaarifu kwamba kibanda hicho kimehamia juu ya mteremko, upande wa pili wa barabara, mbali na kona, na kwamba mahindi ataanza kuyachoma wiki hii, mabati yawepo yasiwepo.